Antena ya sinia: kunasa televisheni bure Malindi

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Barani hapa Malindi. Tumechoka na king'amuzi cha kulipia, mwezi ukipita bila pesa skrini inakuwa nyeusi. Jirani yangu ananasa stesheni za Kenya bure kwa antena ya waya aliyoipinda mwenyewe, na anasema usiku mwingine zinaingia hata za Mombasa. Fundi mmoja ameniambia lazima ninunue antena ya dijitali na busta yake, shilingi 6,000 pamoja na kazi. Televisheni yetu ni nzuri, tuliuziwa na Mtaliano aliyekuwa akihama. Nyumba ni ya mabati, chini ya mwembe. Je, waya inafanya kazi kweli, ama jirani ana bahati tu? Na nikifaulu, naweza kumvutia na mama mkwe, nyumba yake iko uani?"

Marahaba, mwanangu. Waya ya jirani inafanya kazi, na yako itafanya. Lakini kabla hujapinda hata sentimita moja, hebu tuanze na hiyo televisheni ya Mtaliano, maana inanitia wasiwasi kuliko antena.

Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na tangu hapo picha za angani zinarushwa kwa mfumo uitwao DVB-T2. Italia ilianza na DVB-T, yaani ule wa kwanza bila hiyo 2, ikakaa nao miaka mingi. Kwa hiyo televisheni iliyonunuliwa kule zamani inaweza kuwa pana, nyembamba, yenye intaneti na mapambo yote, na bado isiielewe T2 hata chembe. Utaibonyeza itafute stesheni, itatafuta kwa utulivu mpaka mwisho, itakuletea sufuri, nawe utailaumu antena. Hapa Malindi, kwa wageni tulio nao, nimeletewa televisheni za namna hiyo mara nyingi, na mwenyewe keshapanda paa mara tatu.

Tazama kibandiko kilicho nyuma au kitabu chake. Ukiona DVB-T2 imeandikwa wazi, uko salama. Ukiona DVB-T peke yake, nunua king'amuzi kidogo cha bure cha T2, kile kisicho na kadi wala malipo ya mwezi, ukichomeke kwenye HDMI. Hicho cha kulipia mlicho nacho, kijaribu kwanza. Kuna vinavyokubali kutafuta stesheni za bure na kuna vilivyofungwa vitazame mtambo wa mwenyewe tu.

Sasa hiyo "antena ya dijitali". Hakuna kitu kama hicho. Antena ni shaba au alumini, haijui kama wimbi limebeba analojia ama dijitali, kama jahazi lisivyojua limepakia chokaa ama nazi. Inachojua ni urefu wa wimbi. Stesheni za bure ziko kati ya megahezi 470 na 694. Chukua 300, igawe kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Katikati ya masafa hayo wimbi moja lina kama sentimita 52, na robo yake ni 13. Shika hiyo 13.

Na kama kuna antena ya zamani imelala juu ya paa la mtu, itazame mikono yake. Ikiwa ni mirefu ya mita na zaidi, ni ya masafa ya chini, iache. Ikiwa ni vijiti vya shibiri moja hivi vimepangwa kama mifupa ya samaki, hiyo ni ya kwetu. Iombe, isugue uitoe chumvi, badilisha kebo, umemaliza kazi bila kupinda chochote.

Ukitengeneza yako, nakushauri ile tunayoiita ya nane. Nimeshajaribu za makopo, za hanga za nguo, za kitanzi kimoja cha kebo. Zote zinanasa ukiwa karibu na mnara, ila ya nane ndiyo inayosamehe makosa ya mkono.

Nenda duka la vifaa vya umeme ununue waya ya shaba ya kupigia nyumba, ya uzi mmoja, unene wa milimita za mraba 2.5 au 4. Ya nyuzi nyingi laini haitasimama. Mita moja na nusu inatosha. Ivue plastiki, kata sentimita 105, halafu tia alama ya kalamu kila sentimita 13 mpaka upate vipande vinane; kile kisentimita kinachobaki ni cha kuungia. Sasa pinda kwa koleo kwenye kila alama, pembe mraba. Unachotafuta ni miraba miwili iliyosimama kwa kona, mmoja juu ya mwingine, kama namba 8 iliyochongwa na seremala. Waya inaanzia katikati, upande wa kulia, inapanda na kuzunguka mraba wa juu, inarudi katikati upande wa kushoto bila kugusa ilikoanzia, inateremka kuzunguka mraba wa chini, kisha inarudi kulia kukutana na mwanzo wake. Ncha hizo mbili za kulia zilehemu pamoja. Kushoto hakuna kiungo, ni kona tu. Kati ya kulia na kushoto iache nafasi ya sentimita moja, au moja na nusu, na hapo ndipo kebo inapofungwa: waya ya ndani upande mmoja, wavu wa nje upande wa pili. Kutoka kona ya juu kabisa mpaka ya chini utapata kama sentimita 37. Ikitoka 36 au 38, endelea tu.

Nyuma yake panahitaji kioo cha kurudisha mawimbi, na hapa ndipo ninapoingia jikoni mwa watu. Sinia la alumini la kupakulia pilau, la kipenyo cha nusu mita, linafaa kuliko vitu vingi vinavyouzwa. Alumini haishiki kutu ya kahawia, ni nyepesi, na mviringo hauna neno. Huna sinia la kutoa mhanga, tumia bati bapa la sentimita 50 kwa 30. Wavu wa kuku nao unafanya kazi, ila kwa upepo huu wa bahari si muda utaanza kumeguka mkononi. Waya ikae mbele ya sinia kwa sentimita 6 na nusu. Kata vipande vya paipu ya plastiki ya maji kwa urefu huo, viwe miguu. Pale katikati kebo inapofungwa, chuma kisikaribie kabisa. Bila sinia antena inasikia mbele na nyuma sawasawa. Ukiliweka, mgongo unazibwa na mbele panapata nguvu. Kwa hiyo waya ndiyo inayotazama mnara, na sinia linatazama nyuma.

Mnara wenyewe uko wapi? Usisumbuke na ramani. Toka nje, tazama mapaa ya jirani wanaoona vizuri, na uelekeze yako huko. Ukiwa huko tazama pia vijiti vya antena zao vimelala ama vimesimama. Vikiwa vimelala, 8 yako isimame wima. Vikiwa vimesimama, ilaze 8 ubavu. Watu hili hawalijui, wanazungusha antena kutwa kulia na kushoto, kumbe ilitakiwa kugeuzwa ubavu mara moja tu.

Nyumba yako ni ya mabati chini ya mwembe, kwa hiyo ndani usijaribu. Bati ni ukuta kwa mawimbi haya. Makuti makavu yanapitisha, lakini ya masika, yaliyolowa, yanapunguza, na majani mabichi ya mwembe yanapunguza kila siku ya Mungu. Antena iende nje, upande wa nyumba unaoelekea mnara, iupite mwembe kwa pembeni kama haiwezi kuupita kwa juu.

Kuhusu kwenda juu kuna hesabu, na inafaa uione ndipo usiuziwe mlingoti wa mita 15 bure. Mawimbi haya yanakwenda karibu moja kwa moja, yanaishia pale ardhi inapojikunja. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 4: kumi na mbili, ni kama kilomita 49 na nusu. Pandisha antena mpaka mita 9: kumi na tatu, ni kama kilomita 53 na nusu. Umepanda mita tano, umepata kilomita nne. Wewe wa Barani hushindani na umbali, unashindana na mwembe na paa la jirani. Mita tano au sita zinakutosha.

Boriti ya mkoko iliyonyooka ni mlingoti mzuri, haichanui kutu. Ifunge kwenye ukuta sehemu mbili. Usifunge antena kwenye mnazi. Mnazi unacheza na kusi mchana kutwa, na radi inaupenda. Na kabla ya kusimamisha boriti, ilaze chini kwanza kuzunguka pale itakaposimama. Kama ncha yake inaweza kufika chini ya nyaya za umeme, pahali hapo si pahali.

Sasa nifikie kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachostahili pesa zako: kebo. Kwenye zile 6,000 za fundi, natumaini nyingi ni za kebo, ingawa sidhani. Nunua iliyoandikwa RG6. Hata hiyo nzuri, kwenye masafa haya inakula nusu ya nguvu kila mita 16 au 17. Ile nyembamba ya zamani inakula nusu kwa kama mita 12. Kwa hiyo usinunue mita 30 "za akiba" ukazikunja nyuma ya kabati. Akiba hiyo inakula picha. Pima, ongeza mita moja, basi.

Unapovua ncha ya kebo, tazama kwa makini, ikibidi vaa miwani. Ule wavu wa nje ni nywele nyembamba, na unywele mmoja tu ukiinama ukagusa waya ya katikati, picha hakuna. Nusu ya "antena mbovu" ninazoletewa ni unywele huo. Urudishe wavu wote nyuma kama unavyokunja mkono wa shati, kata plastiki nyeupe safi, ndipo uchomeke kichwa.

Juu, pale kebo inapokutana na waya, ndipo bahari inapoingilia. Chumvi ya Malindi haingoji mvua. Nilishawahi kukata kebo nyuma ya televisheni ya mteja wa Mayungu, maji yakachuruzika sebuleni: yalikuwa yameingia kwenye kiungo paani yakateremka ndani ya wavu mita zote kumi na nne, na shaba ilikuwa kijani kama embe bichi. Lehemu kiungo, paka silikoni, izungushie tepu nyeusi kutoka chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike uliotangulia na maji yateleze. Kebo isiingie dirishani ikiteremka moja kwa moja. Iache ining'inie tumbo chini ya dirisha, kisha ipande kuingia, maji yadondoke pale tumboni. Ukifanya hivi, kila baada ya mwaka unafungua unatazama. Usipofanya, hutamaliza mwaka.

Busta. Kwanza lugha: mtu akisema "busta iko karibu" kwetu hapa mara nyingi anamaanisha mnara wa simu. Mimi nasema kile kisanduku kidogo cha kukuza nguvu. Mjini Malindi wengi hawakihitaji. Kinakuza kila kitu kinachoingia, pamoja na makelele, na ukiwa karibu na mnara kinashiba kupita kiasi, picha zinapotea badala ya kuongezeka. Tena vya zamani vimetengenezwa kukuza mpaka megahezi 862, na hayo ya juu ya 694 siku hizi ni ya simu. Umesimama chini ya mnara wa simu, busta yako inamkuzia jirani maongezi badala ya kukukuzia wewe taarifa ya habari. Kama kweli kebo ni ndefu na unahitaji, inakaa juu karibu na antena, kabla kebo haijala nguvu. Ikiwekwa nyuma ya televisheni inakuza kilichokwisha kuharibika.

Na hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Kwenye menyu ya ving'amuzi vingi vya T2 kuna mahali pa kuwasha volti 5 za antena. Ni za kulisha busta kupitia kebo hiyohiyo. Ile ya nane, ukiitazama vizuri, ni waya moja isiyokatika. Kwa umeme wa betri, waya ya ndani ya kebo na wavu wa nje vimeunganishwa. Mwanzoni mwa kazi hii nilimfungia mama mmoja ya nane, king'amuzi chake volti zimewashwa, sikutazama. Kilitoa onyo kwenye skrini, nikalifuta nikaendelea. Jioni kilinuka. Nilimlipa kipya. Kwa hiyo, volti za antena: zima. Onyo la shoti likija, usilifute, kalitafute liliko.

Ukishafunga, tafuta stesheni. Utafutaji wa wenyewe unatosha, lakini wa mkono ni mzuri zaidi kwa kulenga. Chaneli ya 21 iko megahezi 474, kila inayofuata ongeza 8, mpaka ya 48 iliyo 690. Kila mzigo wa masafa unabeba kapu la stesheni nyingi pamoja, ndiyo maana unazipata kwa kundi na kuzikosa kwa kundi. Signet, kampuni ya kurusha matangazo iliyo ya KBC, ina kapu lake. ADN, iliyoundwa na wenye Citizen, NTV na KTN, ina lake. Ukiona KBC imekaa sawa na Citizen haipo kabisa, antena yako ni nzima, kapu la pili ndilo linalotafuta mwelekeo tofauti kidogo.

Skrini itakuonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Usidanganywe na nguvu. Nguvu 90 na ubora 20, picha itaganda na kukatika vipande. Nguvu 50 na ubora 80, utatazama mpaka ulale. Mtoto mmoja abaki anasoma ubora kwa sauti, wewe zungusha polepole, kiganja kimoja, subiri sekunde tano, tena. Dijitali inachelewa kujibu. Ukizungusha kama unavyozungusha redio, utapita juu ya picha bila kuiona.

Stesheni za Mombasa za usiku anazozisifia jirani ni kweli, lakini usizijengee nyumba. Kutoka Malindi mpaka Mombasa, ndege akiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 100, na kwa hesabu ile ya vipeuo haifiki. Kinachotokea ni hiki: siku za kaskazi zenye joto na upepo mtulivu, juu ya bahari kunakuwa na hewa yenye unyevu chini na kavu ya joto juu yake, na mawimbi yananaswa katikati kama maji mferejini, yanasafiri mbali kuliko kawaida yake. Asubuhi jua likipanda mfereji unavunjika. Bahari ina mambo yake. Nilikuwa na mteja Ngomeni ambaye picha yake ilikuwa ikikatika saa tofauti kila siku, akaamini amerogwa. Nikamwambia aandike saa. Siku za bamvua, maji yakijaa tu, picha inakwenda; maji mafu, hakuna shida. Mawimbi yake yalikuwa yanapita juu ya ghuba, mengine yakigonga maji na kufika yamechelewa, yakigombana na yale yaliyonyooka. Tuliishusha antena mita moja na nusu, ikatulia. Kuishusha, naam.

Mechi zote za Ligi ya Uingereza usizitarajie kwenye bure. Taarifa ya habari, vipindi vya watoto, tamthilia na mechi za Harambee Stars zinapoonyeshwa, hizo utapata.

Mama mkwe sasa. Kigawanyio cha njia mbili kinampa kila mmoja chini ya nusu ya nguvu, na kebo mpaka uani itakula yake. Kama ubora wako kwenye skrini hautetereki hata mvua ikinyesha, jaribu, na ukiweke kigawanyio ndani pakavu. Naye atahitaji T2 yake, ama televisheni ama king'amuzi, maana king'amuzi kimoja kikitazamwa na nyumba mbili, rimoti ni moja na utajua ni ya nani. Mimi ningemtengenezea antena ya pili. Waya uliyonunua imebaki kama nusu mita, ongeza nyingine, na sinia kwa mama mkwe halikosi. Ila la pilau usilitoboe kabla hujamwomba.